Mifuko ya Anko Chini ya Kitanda

Jumapili iliyopita nilienda kumsalimia anko wangu Kawangware, kule ndani upande wa Gatina. Nikainama kutafuta slipa chini ya kitanda, nikakutana na marobota matatu yamefungwa kwa kamba. Nikavuta moja. Mifuko ya kubebea vitu, ile ya rangi rangi inayofanana na kitambaa: kijani, nyekundu, blu. Mipya kabisa. Vumbi la juu tu ndilo linakuambia imekaa hapo tangu 2019.

"Anko, hizi bado unazo?"

"Wachana nazo. Hizo ni fees yangu ya chuo."

Anko hajawahi kukanyaga chuo. Alimaanisha chuo cha biashara, kile cha kulipa kwanza halafu unafundishwa baadaye. Nimeamua leo niwape hiyo stori, na kuielewa lazima turudi nyuma kidogo, kwa sababu shuleni tulifundishwa vita vyote vya dunia lakini hakuna mwalimu aliyetufundisha historia ya juala. Na juala limegusa maisha ya mtaa kuliko mkataba wowote wa Berlin.

Polithini ilipatikana kwa bahati mwaka wa 1933, kwenye maabara ya kampuni ya ICI pale Northwich, Uingereza. Wanakemia wawili, Eric Fawcett na Reginald Gibson, walikuwa wanajaribu gesi chini ya shinikizo kali, wakapata kitu cheupe kama nta. Wakati wa Vita vya Pili kilitumika kufunika nyaya za rada. Mfuko wenyewe, ule wenye mikono miwili kama vesti, ulikuja baadaye: Mswidi anayeitwa Sten Gustaf Thulin aliubuni akifanya kazi kampuni ya Celloplast, na hataza ya Marekani ikatoka 1965. Shika hapo hiyo Uswidi, tutaikuta tena Kibera.

Huku kwetu, nyanya yangu anasema walikuwa wanaenda sokoni na kiondo, nyama inafungwa kwa gazeti, njugu kwa gazeti, hata chapati kwa gazeti. Ukifika nyumbani unasoma habari za siasa kwenye mfupa. Halafu juala likaingia, na likaingia na jina la uongo. Nairobi plastiki tunaiita "paper". Unaenda kwa mama mboga unasema "nipee paper", na anakupa kitu ambacho hakijawahi kuwa karatasi hata siku moja. Sijui nani alianza hiyo, lakini alituharibia kabisa.

Sasa Kibera. Jina lenyewe ni la Kinubi, Kibra, maana yake msitu. Wanubi, waliokuwa askari wa Mwingereza kwenye jeshi la KAR, waliwekwa pale mwanzoni mwa karne iliyopita, bila hati za kumiliki. Miaka mingi serikali ikawa inasema ardhi ni yake, na ardhi ya serikali haiwekewi mabomba ya maji taka kwa ajili ya watu ambao kwenye makaratasi hawako. Usiku choo kiko mbali, kinalipiwa, na njia si salama hasa kwa wasichana. Kwa hivyo juala likapata kazi ya pili. Unajisaidia ndani, unafunga fundo, unarusha. Vyoo vya kuruka. Watu wa nje huwa wanacheka wakisikia, lakini mimi nimelala kwa shangazi yangu Gatwekera kabla hajahama, na sioni cha kucheka. Kitu kikitua kwa mabati saa nane za usiku unajua tu si mvua.

Kwa hivyo mtu akikuambia juala ni uchafu tu, mwambie kwa watu wengine lilikuwa choo. Ndiyo maana kulikataza haikuwa kazi rahisi.

Na serikali ilijaribu. Marehemu Wangari Maathai alikuwa ameshaanza kupiga kelele, akisema majuala yaliyotupwa yanashika maji ya mvua na mbu wanazaana humo. Kwenye bajeti ya Juni 2007 waziri wa fedha Amos Kimunya akaweka ushuru wa asilimia 120 kwa juala na kutangaza kwamba yale mepesi chini ya maikroni 30 yamepigwa marufuku. Hakuna kilichobadilika. 2011 NEMA ikaja tena, mara hii maikroni 60. Kimya. Hebu fikiria: ni mama mboga gani wa Kawangware ana kifaa cha kupima maikroni? Sheria ya kupima unene wa kitu chembamba kuliko unywele, itatekelezwa na kanjo kwa macho? Wenye viwanda walijua hivyo, wakaendelea.

Halafu tarehe 28 Februari 2017 waziri wa mazingira Judi Wakhungu akatoa notisi ya gazeti rasmi la serikali, na hii haikuongea maikroni. Ilisema mifuko yote ya plastiki ya kubebea, na ile bapa ya nyumbani, haitatengenezwa, haitaagizwa wala kutumiwa baada ya miezi sita. Faini milioni 2 hadi milioni 4, ama jela mwaka 1 hadi 4. Chama cha wenye viwanda, KAM, kikasema viwanda 176 vitafungwa na watu 60,000 watapoteza kazi. Wakaenda kortini, korti ikakataa kusimamisha. Tarehe 28 Agosti ikafika. Shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira, ambalo makao yake yako hapa hapa Gigiri, lilikuwa linakadiria supamaketi za Kenya peke yake zinatoa majuala milioni 100 kwa mwaka. Milioni 100! Asubuhi moja, basi.

Nakumbuka hiyo wiki. Watu walikuwa wanabeba nyanya kwa sweta. Kibera watu wanauliza swali ambalo kwenye runinga halikuulizwa sana: na usiku sasa tutatumia nini?

Kitu ambacho wengi hawakugundua ni kwamba marufuku haikugusa plastiki ya kiwandani, ile bidhaa inapofungwa pale pale inapotengenezwa. Ndiyo maana mkate wako leo bado umevaa plastiki. Kiwanda kikubwa kikikatazwa kutengeneza juala, kinaweza kubadilisha kazi ya mashine, kikatengeneza ganda la mkate ama la unga. Kina wakili, kina chama, kina mtu wa kukaa kwenye mkutano. Hasara wanapata, sikatai. Lakini wana mahali pa kukimbilia.

Anko hakuwa na kiwanda. Alikuwa fundi wa cherehani karibu na stage ya 46, anarekebisha suruali na kushona yunifomu za shule. Juala lilipoondoka akaona pengo kama kila mtu mwenye akili alivyoona. Kuna hii "kitambaa" ya bei rahisi, isiyofumwa. Kwa kweli si kitambaa. Ni polipropilini, plastiki ile ile ya ndoo na kamba, imeyeyushwa, ikavutwa kuwa nyuzi nyembamba, nyuzi zikatandazwa na kubanwa kwa joto hadi zishikane. Unaikata, unaishona, unaweka mikono. Akakopa elfu 80 kwa chama, akanunua mabunda kwa muuzaji wa jumla, akaajiri vijana wawili. Mwaka wa kwanza manze alikuwa anaongea kama waziri. Mfuko shilingi 10, vibanda vinamngoja. Alininunulia viatu vya mpira, vya kweli, si vya mtumba.

Halafu ule ushindani wetu wa Nairobi ukaanza. Kila mtu akaingia. Mmoja anauza 10, mwingine 8, mwingine 5. Ukitaka kuuza 5 na bado ule, unafanya nini? Unapunguza unene. Muuzaji wa jumla akawa analeta bunda la bei ile ile, jepesi zaidi. Na kumbuka hata yeye hana uwezo juu ya bei: Kenya hatutengenezi malighafi ya plastiki, zile chembe ndogo zinakuja na meli, zinalipiwa kwa dola, na bei yake inafuata mafuta. Shilingi ikianguka, mfuko unakonda. Mama mboga wakaanza kurudi na malalamiko: unaweka viazi kilo mbili, mkono unabaki kwa vidole, viazi vinabaki barabarani. Mwisho wa 2018 mfuko ambao ungetumika miezi ulikuwa unatumika mara moja, halafu mtaroni. Mitaro ya Kawangware ikawa na rangi rangi.

NEMA ikatangaza kwamba kuanzia tarehe 31 Machi 2019 mifuko isiyofumwa hairuhusiwi, kwa sababu hiyo hiyo: hakukuwa na viwango, imekuwa miepesi, inatumika mara moja. Anko alikuwa amenunua mzigo mkubwa Februari. Alipewa bei nzuri. Sasa nikifikiria, naona kwa nini alipewa bei nzuri, lakini huo ni ujanja wangu wa leo.

Deni la chama alilipa miaka miwili. Binamu yangu alichelewa kuingia Form One muhula mzima. Ndani ya nyumba haikuongelewa, ilikuwa tu sukuma wiki bila nyama na redio imezimwa. Na bado nikimuuliza anko kama anakasirikia waliokataza, anasema hapana. "Ule mfuko ulikuwa ushakuwa juala lenye rangi. Sisi wenyewe tuliufanya hivyo, tukipunguza kidogo kidogo." Mimi ningekasirika. Mtu mdogo analipa makosa ya soko lote, na akilipa anasema asante kwa somo.

Nimewaahidi Uswidi. Kuanzia 2010 hivi, watu wa Silanga, Kibera, walianza kuuziwa mfuko unaoitwa Peepoo. Aliyeubuni ni msanifu majengo wa Uswidi, Anders Wilhelmson. Ndiyo, nchi iliyotuletea juala ikaleta na dawa yake. Mfuko ni wa plastiki maalumu inayooza, na ndani una unga wa urea, ile ile ya mbolea. Urea ikikutana na kinyesi inageuka amonia, amonia inaua vijidudu ndani ya wiki chache, na mfuko wote unakuwa mbolea. Akina mama wa mtaa waliuuza kwa shilingi chache, na ukirudisha uliotumika unarudishiwa sehemu ya pesa. Kwangu mimi ndiyo akili kubwa zaidi kuwahi kuwekwa kwenye mfuko. Hakuja kuwahubiria watu wa Kibera waache kutumia mfuko. Alitazama wanafanya nini tayari, akatengeneza mfuko wa kazi hiyo.

Lakini plastiki inayooza ni ghali kuliko ya kawaida, na mtu anayehesabu shilingi 10 za choo hawezi kubeba gharama yote. Mradi wa aina hiyo unaegemea wafadhili, na mfadhili ana kalenda yake. Hapo ndipo ubunifu mwingi wa mazingira hukwama: picha zinatoka poa, watu wanapiga makofi, halafu mtu anauliza nani atalipa mwezi ujao.

Ndiyo maana namheshimu Nzambi Matee. Yeye, mtu wa sayansi ya vifaa, alianzisha Gjenge Makers hapa Nairobi, na 2020 Umoja wa Mataifa ukamtambua kama mmoja wa vijana mabingwa wa dunia wa mazingira. Anachanganya plastiki chakavu na mchanga, anabana kwa joto, inatoka tofali ya kutandika chini. Kinachonipendeza ni kwamba anauza tofali, hauzi huruma. Na anachagua. Anachukua plastiki za mitungi ya maziwa na shampuu, za mifuko ya nafaka, za kamba na ndoo. Chupa za soda hachukui, hizo zina watu wake. Plastiki si kitu kimoja, wasee. Ile namba ndogo kwenye pembetatu chini ya chupa ndiyo inaamua kama kitu ni mali ama takataka.

Sheria nazo zimeanza kumfuata mtengenezaji badala ya mtumiaji. Sheria ya usimamizi wa taka ya 2022 inasema aliyeleta plastiki sokoni awajibike hata baada ya kuiuza. Aprili 2024 NEMA ikaagiza taka zinazooza zibebwe kwa mifuko inayooza, ikatoa siku 90. Nilipoona hiyo, mtu wa kwanza niliyemfikiria ni kijana fulani mahali, anakopa kwa chama sasa hivi ili auze mifuko "inayooza" bila kujua imetengenezwa na nini. Buda, uliza kwanza. Uliza kiwango kinasema nini. Usinunue mzigo wa miezi sita kwa sababu umepewa bei nzuri.

Basi Jumapili hiyo, nikiwa na hizi namba zangu kichwani, nikamwambia anko mifuko yake ni polipropilini, namba 5, inaweza kuuzwa kwa kilo. Akanitazama tu. Tukabeba robota moja hadi kwa jamaa wa mizani anayenunua plastiki chakavu. Jamaa akashika mfuko, akaunusa, akauvuta.

"Hii ni nguo. Peleka Gikomba."

Nikajaribu kumweleza habari ya nyuzi na joto. Akaniuliza kama nimekunywa. Anko alicheka hadi akakaa chini, mara ya kwanza namwona akicheka kuhusu hiyo mifuko. Tukarudi na robota letu. Nikiondoka akatoa mfuko mmoja, wa blu, akanijazia avokado za kupelekea mathe. Mkono ulikatika kabla sijafika stage.