Mtunya na Wajukuu wa Walionusurika

Zamani za utawala wa Waingereza, mzee wa Kigogo alipoulizwa umri wake na karani wa kodi hakutaja mwaka. Alisema kuwa alizaliwa kabla ya Mtunya, au katikati ya Mtunya, au kwamba Mtunya ulimkuta akichunga ndama. Karani alipiga hesabu yake, akaandika tarakimu katika daftari, akamwita mwingine. Kwa karani neno lile lilikuwa kipimo cha miaka tu. Kwa mzee lilikuwa habari nzima ya ukoo wake: nani alikufa, nani alihama, ng'ombe walichukuliwa na nani, na mtoto gani alibaki ugenini asirudi tena.

Mtunya ni jina la njaa kuu iliyoikumba nchi ya Ugogo baina ya 1917 na 1920. Wanahistoria wanakadiria kuwa katika watu 150,000 waliokuwa wakikaa katika nchi hiyo, walikufa watu wapatao 30,000, yaani mmoja katika kila watano. Maana ya jina ni kugombania, hali ya watu kunyang'anyana kile kidogo kilichosalia. Na hapa msomaji atazame vizuri, maana walioipa njaa ile jina hawakulitaja jua, wala mvua, wala nzige. Walitaja mnyang'anyano.

Ugogo ni nchi kavu, na wenyeji wake wamejua tangu kale kwamba mvua ya huko haina ahadi. Hunyesha miezi michache, kuanzia Desemba hata Aprili, na mwaka mwingine hunyesha vibaya. Kwa hiyo Mgogo alijiwekea kinga zake. Alipanda mtama na uwele, mazao yavumiliayo ukame, na mavuno ya mwaka mwema aliyaweka ndani ya tembe kwa ajili ya mwaka mbaya. Alifuga ng'ombe, ambao waliweza kubadilishwa kwa nafaka katika nchi za jirani. Tena aliwatawanya ng'ombe hao kwa ndugu na marafiki wa mbali, ili balaa la mahali pamoja lisiwamalize wote. Juu ya hayo alikuwa na ndugu wa damu na wa ndoa katika nchi nyingine, ambao aliweza kuwakimbilia. Kinga hizi hazikuzuia njaa isije. Zilizuia njaa isiue taifa.

Vita Kuu ya Kwanza ilizivunja zote kwa mpigo. Reli ya Kati ilikuwa imefika Dodoma 1910, na vita vilipoanza 1914 njia hiyo ikawa uti wa mgongo wa jeshi la Wajerumani. Jeshi hula. Nyama, nafaka na wapagazi vilitafutwa kandokando ya reli, na Ugogo ulikuwa hapo hapo, una ng'ombe wengi na watu wengi. Mwezi wa Aprili 1916 majeshi ya Afrika ya Kusini, yakiongozwa na Van Deventer kwa niaba ya Waingereza, yaliingia Kondoa. Mwisho wa Julai mwaka ule ule yakaingia Dodoma. Wenyeji walipata bwana mpya, lakini mkono haukubadilika: na huyu naye alitaka ng'ombe, nafaka, na wanaume wa kubeba mizigo kuelekea kusini, ambako vita viliendelea hata Novemba 1918. Maelfu ya wapagazi wa Afrika ya Mashariki walikufa njiani kwa kuhara, kwa homa na kwa uchovu, na wengi wa wale waliorudi makwao walirudi wagonjwa.

Basi mvua ilipokosa, ghala zilikuwa tupu, mazizi yalikuwa yamepunguzwa, na mikono ya kulima ilikuwa imekwenda na mizigo ya jeshi. Mwishoni mwa 1918 ukaja ugonjwa wa mafua makuu yaliyoua watu duniani kote, ukawakuta watu waliokwisha dhoofika. Watu walihama wakitafuta chakula kwa majirani. Wapo waliowaweka watoto wao rehani kwa wenye chakula, wakitumaini kuwakomboa mavuno yatakaporudi. Jambo hili mtu asiyepata kuona njaa hulihukumu upesi. Mzazi aliyemtoa mwanawe kwa kibaba cha mtama alikuwa akinunua vitu viwili pamoja: siku chache za uhai wa waliobaki, na uhai wote wa yule aliyetolewa. Watoto wengine walikombolewa, na wengine walikulia huko, wakashika lugha ya huko, wakaoa na kuolewa huko.

Nimeeleza sababu hizi kwa kirefu kwa kuwa ndizo kiini cha hoja yangu. Kwa muda mrefu ziliishi simulizi mbili za njaa hii. Ya kwanza ni ile ya ofisini, isemayo kwamba Ugogo ni nchi ya njaa, kwamba ukame ndio desturi yake, na kwamba wenyeji wake wapenda ng'ombe kuliko jembe. Ya pili ni ile ya nyumbani, ambayo yakumbuka askari waliofika, ng'ombe waliofungwa kamba, na vijana walioondoka na mizigo. Simulizi ya kwanza iliingia katika vitabu, na kutoka vitabuni ikaingia katika midomo ya watu. Mpaka leo Mgogo mjini hutaniwa kuwa ni mtu wa kuombaomba, na mtoto wa shule atokaye Dodoma hulisikia neno hilo kabla hajajua historia ya babu zake hata kidogo. Asipokuwa na simulizi ya pili mkononi, atajibu nini? Atacheka pamoja na wenziwe, naye ataamini.

(Kwa njia, Waingereza wenyewe walikuja kuijaribu ardhi hiyo. Tangu 1947 hata 1951 walilima karanga huko Kongwa kwa matrekta na kwa mamilioni ya pauni, na ukame na udongo mgumu vikawashinda. Sijapata kuona mahali palipoandikwa kuwa walishindwa kwa sababu ya uvivu.)

Kazi ya kuihifadhi simulizi ya nyumbani imewaangukia watoto na wajukuu wa walionusurika, na katika jambo hili Wagogo wana wenzi mbali sana na kwao. Wayahudi walionusurika katika Maangamizi Makuu ya Ulaya, ambamo Wanazi na wasaidizi wao waliwaua Wayahudi wapatao milioni 6, walikaa miaka mingi wengi wao hawasemi. Waliogopa kuwatia watoto wao hofu, na tena waliona kuwa wasikilizaji ni wachache. Kesi ya Eichmann mjini Jerusalem, mwaka wa 1961, iliwafungua wengi vinywa. Lakini hata kabla ya hapo watu wa miji iliyofutwa walikuwa wamekwisha anza kutunga vitabu vya ukumbusho. Wale wachache waliosalia wa mji mmoja walikutana ugenini, wakachanga fedha, wakaandika mitaa yao, walimu wao, waokaji wao wa mikate, na majina ya wafu wao. Vitabu hivyo ni mamia. Siku hizi watoto na wajukuu wao huingia madarasani kusimulia yaliyowapata wazee wao, kwa kuwa mashahidi wenyewe wanakwisha.

Sisemi kwamba mambo haya mawili ni sawa, maana hayako sawa. Maangamizi ya Wayahudi yalikusudiwa; palikuwa na amri, orodha na mitambo ya kuua taifa zima. Mtunya haukukusudiwa na mtu. Majeshi mawili yalipita, kila moja likachukua lilichohitaji, wala halikuhesabu uhai wa aliyenyang'anywa. Kinachofanana ni kazi iliyowabakia wazao: kuyapokea maneno ya mzee kabla hajafa, na kuyatia mahali ambapo mtoto asiye wa ukoo wao ataweza kuyasoma.

Tena uwanda huu wa kati ulipata kuwaona kwa macho wahamishwa wa vita vile vya pili. Katika kambi za wakimbizi wa Kipolandi zilizowekwa Tanganyika tangu 1942, kubwa ilikuwa Tengeru, na mojawapo ya zile ndogo ilikuwa Kondoa. Walikuwa hasa wanawake na watoto, waliohamishwa kwa nguvu na Warusi 1940 wakapelekwa Siberia na kwingineko, kisha wakapitia Uajemi hata Afrika. Katika kambi hizo walifungua shule, watoto wakasomeshwa lugha na historia ya nchi ambayo wengi wao hawakuiona tena. Mtoto wa Kigogo aliyebahatika kusoma wakati ule alifundishwa zaidi habari za Dola ya Waingereza.

Mtu aliyeanza kuliondoa pengo hilo alizaliwa katika miaka ile ile ya Mtunya. Mathias Mnyampala alizaliwa 1917 huko Ihumwa, karibu na Dodoma. Alichunga mifugo, akasoma kwa Wamisionari wa Kikatoliki, akawa mwalimu, kisha karani, liwali na hakimu. Wengi wamjua kwa mashairi na kwa ngonjera, ambazo baada ya Azimio la Arusha la 1967 zilikaririwa na wanafunzi nchi nzima. Lakini 1954 alikuwa amekwisha toa kitabu cha historia, mila na desturi za Wagogo, kwa Kiswahili, ambamo mambo yaliyokuwa yakisemwa barazani yalipata kurasa. Kwamba aliandika kwa Kiswahili si jambo dogo. Kwa Kigogo angesomwa na Wagogo; kwa Kiswahili aliwafanya Wagogo wasomwe na Watanganyika wote.

Wa pili, ambaye nadhani anastahili kujulikana kuliko anavyojulikana, ni Ernest Musa Kongola. Huyu alikuwa mwalimu, na alipostaafu hakuiacha kazi ya ualimu. Alibadili wanafunzi tu. Alianza kukusanya na kuandika historia ya ukoo wake. Kitabu kimoja, ambacho anwani yake yajieleza kuwa ni historia fupi ya mbeyu ya Wevunjiliza, kinatoka 1688 mpaka 1986. Baada yake viliandikwa vingine, vya koo za jamaa zake na vya mambo ya nchi. Havikupigwa chapa na kampuni kubwa ya vitabu. Ni maandiko ya mashine, yaliyokusudiwa kwanza kabisa watu wa nyumbani. Mwanahistoria Gregory Maddox, aliyeandika juu ya Mtunya katika 1990 na ambaye baadaye alikifasiri kitabu cha Mnyampala kwa Kiingereza, alishirikiana naye, na 2006 kikatoka kitabu kilichobeba majina yao wawili, juu ya jinsi watu wa Tanzania ya kati wanavyoitenda historia kwa kuandika, kwa kukumbuka na kwa kuonyesha.

Neno mbeyu katika Kigogo ndilo mbegu, na ndilo jina la ukoo. Koo nyingi za Kigogo zasimulia kuwa asili yao ni kwingine, Uhehe, Ukaguru na kwingineko, na kwamba wazee wao walifika wakihama. Mtu aandikaye historia ya mbeyu hulazimika kutaja safari, na akitaja safari hulazimika kutaja njaa. Hivyo historia ya ukoo, ambayo mtu wa chuo angeweza kuidharau kuwa ni orodha ya mababu, huhifadhi kitu ambacho taarifa ya serikali ilikiacha: baraste ambazo watu walizipita wakikimbia, na milango iliyofunguliwa kuwapokea.

Ila kuna upungufu ambao kazi ya namna hii haiwezi kuuziba yenyewe. Ukoo uliopata mwalimu umeandikwa. Nyumba iliyokwisha yote katika 1919 haina mjukuu wa kushika kalamu, na mtoto aliyewekwa rehani asikombolewe huenda mbeyu yake ilisahauliwa na yeye mwenyewe. Huko Jerusalem taasisi ya Yad Vashem, iliyoanzishwa kwa sheria 1953, imekusanya majina ya zaidi ya milioni 4 katika wale milioni 6, na mengi katika hayo yameletwa na ndugu, majirani na hata watu waliosoma nao darasa moja, ili aliyekufa bila mzao naye apate jina. Wale 30,000 wa Ugogo hawana daftari. Dar es Salaam kuna sanamu ya askari, iliyosimamishwa 1927, ambayo maandishi yake yawakumbuka askari na wapagazi wa vita ile. Haina jina la mtu, na mwanamke aliyekufa tembeni mwake huko Ugogo kwa kukosa mtama uliokwenda na jeshi hayumo hata katika hao wasio na majina.

Waliokuwa watoto wakati wa Mtunya wamekwisha fariki. Waliosikia kwa vinywa vyao ni wazee sasa, na wajukuu zao wako shuleni, Dodoma ambayo leo ni makao makuu ya nchi na yenye chuo kikuu tangu 2007. Mwalimu wa historia anapofika katika Vita Kuu ya Kwanza hufundisha habari za von Lettow-Vorbeck na za Smuts, nani alishinda wapi. Somo hilo lingeweza kusimama kidogo Kondoa na Dodoma, 1916, na mwanafunzi akapewa swali la kupeleka nyumbani. Swali lenyewe si refu: wakati wa Mtunya watu wa nyumba hii walikimbilia wapi, nani aliwapokea, na nani hakurudi. Jibu aliandike kwa majina, pamoja na jina la mzee aliyemwambia na tarehe aliyoambiwa.