Kusambaza gazeti la kulipia kwenye grupu la jamaa

SWALI:

Masheikh wetu, mimi ni mzaliwa wa Wete, Pemba, na sasa naishi Ikungi, mkoani Singida, kwa biashara ya mafuta ya alizeti. Huku gazeti la karatasi hulisubiri basi, na likifika habari zake zimeshapoa. Kwa hiyo nimejiunga na gazeti moja la Dar es Salaam kwa njia ya simu. Nalipa kila mwezi na kila alfajiri napata kurasa zake zote. Nikishazipata nazitia kwenye grupu letu la WhatsApp la jamaa, watu 214, wengi wao wako Unguja na Pemba na wengine Maskati. Baadaye nikaanza kuomba kila mtu shilingi elfu moja kwa mwezi, nikisema ni ya bando. Karibu nusu yao hutoa.

Mwezi uliopita mtoto wa ami yangu, ambaye huliandikia gazeti hilo hilo kutoka Pemba na hulipwa kwa kila habari inayochapishwa, alituma sauti fupi kwenye grupu. Alisema kuwa sote tunamsoma, na yeye mwezi ule hakulipwa kwa kuwa ameambiwa wanunuzi wamepungua. Ami akasema mbele ya watu wote kuwa mimi ni mwizi. Vijana wakamjibu kuwa habari haina mwenyewe, na kuizuia ni kuficha elimu. Tangu siku hiyo ami hapokei simu yangu. Naomba kujua: je, huu ni wizi? Pesa nilizokusanya ni halali? Na je, hata mama yangu, ambaye macho yake yameshakuwa dhaifu na humsomea gazeti kwa sauti kila asubuhi, nisimsomee tena?

JIBU:

Himdi zote ni za Allaah, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam), aali zake na Swahaba zake. Ama ba'ad.

Ndugu yetu muulizaji, tuanze na neno lililokuuma. Wizi katika fiqhi una masharti yake. Miongoni mwayo ni mtu kuchukua mali ya mwenzake kwa siri kutoka mahali ilipohifadhiwa. Wewe gazeti umelinunua, tena kwa pesa yako. Ami yako amelikosea jina jambo hili, na kumwita Muislamu mwizi mbele ya watu 214 ni jambo ambalo yeye naye anapaswa kukuomba radhi. Lakini kukosea jina si kukosea asili. Kuna haki ya mtu iliyoguswa hapa, na hata kama si wizi, haiwi halali kwa sababu hiyo.

Habari na kazi ya habari

Vijana wenu wamesema habari haina mwenyewe. Hapo wamesema kweli, ila ni nusu ya kweli. Sisi watu wa visiwani tunalijua hili kwa machungu. Ilipozama MV Spice Islander katika bahari ya Nungwi usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, ikielekea Pemba, na ilipozama MV Skagit karibu na Chumbe mwezi Julai 2012, nani angethubutu kusema kuwa habari ile ni ya gazeti fulani, asiyelipa asiambiwe? Tukio likishatokea ni la watu wote. Hata sheria za dunia zimelikubali hili. Mkataba wa Berne wa hakimiliki, ambao Tanzania iliingia mwaka 1994, haulindi habari za siku kwa kuwa ni habari tu, na sheria ya hakimiliki ya Bara ya mwaka 1999 imefuata njia hiyo hiyo. Zanzibar nayo ina sheria yake ya hakimiliki ya mwaka 2003, kwa hiyo asidhani mtu kuwa akivuka maji ameiacha nyuma.

Kinacholindwa ni kile kilichofanywa juu ya tukio. Kijana wenu huko Pemba amepanda gari kwenda Micheweni, amekaa na wazee, amepiga simu kumi, amerudi usiku, ameandika, mhariri amekata na kusahihisha, na mtu mwengine amepanga ukurasa. Hiyo ni kazi, na kazi ina ujira. Mfano ulio karibu nawe ni alizeti. Jua na mvua ni za Allaah na hazina bei, lakini hakuna anayesema kuwa mafuta unayoyakamua Ikungi yagawiwe bure kwa sababu mvua haikuwa yako.

Zamani gazeti liliishi kwa matangazo na kwa karatasi iliyouzwa mtaani. Vyote viwili vimepungua tangu watu waanze kusoma kwenye simu, ndiyo maana magazeti mengi ya dunia yameweka mlango wa malipo. New York Times la Marekani liliuweka mwaka 2011, na gazeti la Nation la Nairobi mwezi Februari 2021. Wasomaji wakatafuta dirisha. Nchini Kenya kurasa nzima za magazeti zilienea kwenye WhatsApp na Telegram kabla hata ya karatasi kufika vibandani, mpaka Baraza la Vyombo vya Habari la huko likawaonya wenye magrupu.

Je, haki ya mwandishi ni mali?

Suala hili halikuwepo kwa sura hii zama za maimamu wetu, kwa hiyo wanavyuoni wa zama zetu wamelifanyia ijtihadi. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilikutana Kuwait mwezi Disemba 1988, na katika azimio namba 43 likaamua kuwa haki za utunzi na uvumbuzi, pamoja na jina na alama ya biashara, ni haki za wenyewe. Zimekuwa na thamani ya mali katika ada za watu, sharia inazizingatia, na haijuzu kuzivamia. Uamuzi huu unakubaliana na msingi wa madhehebu ya Imamu Shaafi'iy yanayofuatwa na wengi visiwani, kwamba manufaa ni mali hata kama hayashikiki kwa mkono. Kwa msingi huo ndiyo tunakodisha nyumba: mpangaji hanunui mawe, ananunua kukaa.

Wapo waliopinga. Mufti Muhammad Shafi wa Pakistan aliona kuwa haki ya utunzi si kitu kinachouzika, na aliyenunua kitabu anaweza kukichapisha. Mwanawe, Mufti Muhammad Taqi Usmani, akaja na rai nyengine, ya kuitambua haki hiyo. Baba na mwana walikhitilafiana katika mas-ala haya haya bila ya kuvunjiana heshima, na nyinyi mnaweza.

Kwa upande wako, hata mtu akichukua rai ya wale waliopinga haimsaidii, kwa sababu iko hoja nyengine iliyo nyepesi kufahamika na nzito kuikwepa.

Ahadi uliyoitoa

Siku uliyojiunga na gazeti ulibonyeza sehemu iliyoandikwa kuwa umekubali masharti. Katika magazeti ya kulipia, sharti la kutosambaza nakala kwa wengine ni jambo la kawaida. Utasema hukuyasoma. Sisi pia ni nadra kuyasoma! Lakini linalojulikana katika ada huhesabiwa kama lililotajwa katika mkataba, na wewe ulijua fika kuwa umelipia nakala ya mtu mmoja. Kama ungelipia nakala za watu 214 bei isingekuwa ile. Wala kubonyeza badala ya kutamka si udhuru. Imamu An-Nawawiy alichagua rai ya kusihi kwa mauzo ya kupeana bila ya matamshi pale watu wanapoyahesabu kuwa ni mauzo, na leo watu wote wanahesabu kubonyeza kuwa ni kukubali.

Basi hapa hatuzungumzii tena kama makala ni mali au si mali. Tunazungumzia neno la Muislamu. Allaah Ameamrisha kutimiza mikataba mwanzoni mwa Suratul-Maaidah, na katika Hadithi iliyopokewa na Abuu Daawuud na At-Tirmidhiy, Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) amebainisha kuwa Waislamu wanafungwa na masharti yao. Kwa hiyo kutia gazeti zima kwenye grupu kila siku hakukujuzu kwako, na ni wajibu uache.

Gazeti likiruhusu lenyewe, kwa mfano likaweka makala wazi kwa kila mtu au likampa aliyejiunga nafasi ya kumzawadia mwenzake, basi utafuata ruhusa hiyo na mipaka yake.

Shilingi elfu moja

Hili ndilo zito zaidi katika swali lako, nawe umelitaja kama jambo la pembeni. Watu kama mia moja wakitoa elfu moja moja, hiyo ni laki moja kwa mwezi. Bando la kutuma kurasa hizo halifiki hapo hata kidogo. Ikiwa uliwaambia ni ya bando na kilichozidi kikabaki mfukoni, umechukua pesa kwa maelezo yasiyo ya kweli. Na ikiwa wao na wewe mlijua moyoni kuwa ni bei ya gazeti, basi umeuza kisichokuwa chako, na Hadithi ya Hakiym bin Hizaam katika katazo la kuuza mtu asichokimiliki inajulikana. Kwa njia zote mbili ziada si halali kwako. Suratun-Nisaa, Aayah ya 29, imekataza kuliana mali kwa batili, ikavua biashara iliyo kwa kuridhiana, na mwenye gazeti hakuridhia.

Waeleze jamaa hali ilivyo, na kila anayetaka pesa yake mregeshee. Wakiridhia, ziada hiyo itumike kuwalipia usajili halali wale wenye haja ya gazeti. Hivyo pesa itamfikia mwenye kazi kupitia mlango wake. Tunaona hili ni bora kuliko kuitoa sadaka, kwa sababu sadaka hutolewa pale mwenye haki asipojulikana, na huyu anajulikana, anuani yake iko ukurasa wa pili. Mwandikie pia umuombe radhi kwa yaliyopita. Huhitaji kupiga hesabu ya bei ya nakala 214 kwa siku zote hizo, kwani wengi katika hao wasingenunua, na faida ambayo mtu alikuwa akiitarajia tu haihesabiwi kama mali iliyoharibiwa.

Ama kijana wenu kutolipwa, huo si mzigo wako peke yako. Gazeti likishaichukua habari yake na kuichapisha, ujira wake ni deni juu ya gazeti, wanunuzi wawe wengi au wachache. Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) ameamrisha mfanyakazi apewe ujira wake kabla jasho lake halijakauka, kama ilivyo kwa Ibn Maajah. Adai haki yake, na jamaa wenye uwezo wamsaidie kuidai.

Hoja ya kuficha elimu

Makemeo yaliyokuja juu ya kuficha elimu yanahusu elimu ambayo watu wanaihitajia katika dini yao, anapoulizwa mwenye kuijua akanyamaza. Matokeo ya mpira na safu za wachambuzi hazimo. Likitokea la dharura, kama maradhi ya mripuko, chombo kilichozama au onyo la upepo, basi fikisha haraka. Kufikisha huko hakuhitaji kunakili ukurasa: andika kwa maneno yako kilichotokea, wapi na lini, na utaje gazeti na mwandishi uliyemtoa. Wanavyuoni wetu wa Hadithi walikuwa hawatamki neno bila ya kumtaja aliyewapa, na wamehesabu kulinasibisha neno kwa mwenyewe kuwa ni katika baraka za elimu. Kwenye magrupu yetu jina la mwandishi ndilo la kwanza kukatwa. Kutuma kiungo cha makala, pamoja na muhtasari wa mistari minne mitano, hakuna ubaya. Anayetaka zaidi atalipa, au atakwenda maktaba, au atakwenda kwenye kijiwe chenye gazeti.

Kumsomea mama

Msomee, tena usikose hata siku moja. Kumsomea mzee wako ni katika wema kwa wazazi, na sharti la gazeti halikukusudia kumzuia mtu asisome kwa sauti nyumbani kwake au kwa mama yake kwenye simu. Tokea zama za Al-Falaq na Mwongozi, magazeti ya hapa kwetu yalikuwa yakisomwa na mmoja barazani na wengine wakasikiliza. Mpaka leo ukipita Jaws Corner utamkuta mtu mmoja ana gazeti na watu wengi wana maoni. Nakala ile ni moja, ikisomwa na mmoja haisomwi na mwengine, na mwenye gazeti alijua tangu mwanzo kuwa litapita mikono mingi. Nakala 214 zilizozaliwa kwa kubonyeza mara moja hazifanani na hiyo. Ila sauti unayomrekodia mama ibaki kwa mama. Ukiitia kwenye grupu umeregea pale pale.

Jamaa waliokuwa wakisoma bila ya kujua hawana dhambi in shaa Allaah. Baada ya kujua, wasiombe kutumiwa wala wasisambaze kilichowafikia.

Na usisubiri ami yako aanze. Mpigie wewe, asipopokea mtumie salamu kwa mama, kisha ikikupa Allaah safari ya Wete nenda kwake mwenyewe pamoja na huyo kijana.

Na Allaah Anajua zaidi.