Duara la marafiki

Duara la marafiki ni utaratibu wa madarasa jumuishi unaomwezesha mwanafunzi aliyetengwa, hasa mwenye ulemavu au usonji, kupata wenzake wa kucheza, kula na kusoma nao. Wanafunzi sita hadi wanane wa darasa lake hujitolea na kukutana naye kila wiki, mwalimu akiwepo. Ulianza Ontario, Kanada, katika miaka ya 1980.

Chimbuko

Judith Snow (1949–2015) alizaliwa na maradhi ya kudhoofika kwa misuli. Alisoma Chuo Kikuu cha York mjini Toronto, lakini kwa kukosa watu wa kumhudumia akaishia katika nyumba ya kutunzia wagonjwa, hali yake ikizidi kuwa mbaya. Mhadhiri wa ualimu Marsha Forest akawakusanya waliomfahamu. Wakamhudumia kwa zamu, huku wakiibana serikali ya jimbo mpaka ikakubali kulipia wasaidizi ambao Snow mwenyewe angewachagua. Hakuna mtu Kanada aliyekuwa amepata haki hiyo kabla yake. Kundi hilo la kishujaa liliitwa Kamati ya Yoshua.

Forest na mumewe Jack Pearpoint, pamoja na Snow, waliupeleka shuleni utaratibu wa kuunda kundi kama hilo. Miaka ya 1990 ulifika Uingereza, ambako wanasaikolojia wa elimu Colin Newton na Derek Wilson waliuendeleza huko Nottinghamshire.

Jinsi duara linavyoundwa

Kwanza huombwa ridhaa ya mtoto na wazazi wake. Kisha kila mwanafunzi huchora maduara manne, moja ndani ya jingine, yeye akiwa katikati. La ndani kabisa huandikwa watu asioweza kuishi bila wao, kwa kawaida mama, baba, bibi na ndugu. La pili ni la marafiki. La tatu ni la watu anaokutana nao katika timu, kwaya, madrasa au kanisani. La nne ni la wanaolipwa kwa ajili yake: walimu, madaktari, dereva wa basi la shule.

Baada ya hapo mwalimu huchora ubaoni maduara ya mtoto anayehusika. Mara nyingi la kwanza lina jamaa wachache, la nne limejaa wataalamu, na yale mawili ya kati ni matupu. Mwalimu huuliza: ungekuwa wewe, ungejisikiaje? Watoto hujibu bila kuficha: ningekasirika, ningelia, ningekataa shule. Anayeitwa mkorofi huanza kuonekana kama mpweke, na ndipo mikono ya kujitolea huinuliwa.

Vikao huchukua kama nusu saa. Mambo yanayozungumzwa ni madogo na ya kweli: nani atakaa naye wakati wa chakula, mchezo gani unaweza kubadilishwa kanuni ili naye aingie, nani atajifunza lugha ya alama. Naye mtoto huambiwa waziwazi tabia inayowakera wenzake. Kikao kizuri huacha watoto wenyewe wapange. Mwalimu anayetawala mazungumzo huliua duara.

Msingi wa nadharia

Mwaka 1954 mwanasaikolojia Gordon Allport aliandika kwamba kukutana kwa watu wa makundi tofauti hupunguza chuki pale wanapokuwa na hadhi sawa na lengo moja, na hali hiyo ndiyo duara hujaribu kuijenga.

Ukosoaji

Hatari kubwa ni rafiki kugeuka mlezi. Mtoto anayesukumwa kwenye kiti cha magurudumu, kufungiwa kamba za viatu na kusemewa kila siku bila yeye kuombwa msaada wowote hana rafiki, ana mtumishi. Wengine hupinga mtoto kujadiliwa na darasa zima huku ametolewa nje, kama inavyofanyika katika baadhi ya shule. Aidha, duara linaweza kuvunjika mwaka unapoisha na madarasa kupangwa upya.

Njia nyingine

Mwalimu wa chekechea Vivian Gussin Paley wa Chicago alipiga marufuku darasani mwake mtoto kumwambia mwenzake kwamba hawezi kucheza naye. Kitabu chake kuhusu jambo hilo kilitoka mwaka 1992.

Afrika Mashariki

Tanzania ilitunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu mwaka 2010, na Mkakati wa Taifa wa Elimu Jumuishi wa kwanza ulihusu miaka 2009–2017. Hata hivyo, wanafunzi wengi wenye ulemavu husoma katika vitengo maalumu ndani ya shule za kawaida na kuonana na wengine wakati wa paredi na mapumziko tu. Duara la marafiki halihitaji jengo wala kifaa; mwalimu yeyote mwenye ubao, chaki na nusu saa kwa wiki anaweza kulianzisha.