Mvua ya Mowlem ni ya nani?

Wasee wa Mowlem, tuseme ukweli. Mvua ikinyesha hapa kwetu tunakimbia kuanua nguo, halafu tunalaumu matope. Asubuhi tuko nje na mitungi tukingoja jamaa wa mkokoteni. Mimi pia. Kuna siku nilinunua mtungi wa lita 20 kwa shilingi 30 baada ya mvua ya usiku kucha, na nikitoa pesa nilikuwa nasikia maji bado yanadondoka kutoka kwa paa.

Nikampigia shosho, yuko Murang'a.

Alinipa historia ambayo sikufunzwa shuleni. Zamani nyumba nyingi za kule ziliezekwa kwa nyasi, na maji ya paa la nyasi ni machache, ya kahawia, yamejaa takataka. Kwa hivyo maji yalitoka mtoni, na aliyeenda mtoni ni mwanamke, mzigo mgongoni, mlima wakati wa kurudi. Miaka ya 1960, akina mama wa Murang'a na kwingineko Mkoa wa Kati wakaanza vikundi vya mabati. Walilima mashamba ya watu kwa malipo, wakachanga, wakamnunulia mama mmoja mabati, kisha wa pili, mpaka kila mtu afikiwe. Watu husema walitaka tu nyumba za kisasa. Sawa, lakini bati pia lilikuwa chombo cha maji: weka gata ukingoni, pipa chini, na safari za mtoni zinapungua.

Wataalamu nao walijaribu, na wakakosea. UNICEF ilikuwa na kituo cha teknolojia ya vijijini pale Karen, na miaka ya 1970 tangi la bei rahisi likapigiwa debe: kapu kubwa mfano wa ghala la nafaka, limepakwa simiti. Wazo tamu. Shida ni kwamba kapu ni miti. Mchwa wakala, likaoza, matangi yakaharibika, na watu wakahamia simiti iliyoshikwa na waya.

Pwani nao wana yao. Visiwa vya Lamu kama Ndau na Kiwayu, ambako maji ya visima ni ya chumvi, kuna jabia: sakafu pana inayokinga mvua na kuiteremsha kwenye hifadhi.

Nairobi ilichagua bomba. Bwawa la Sasumua likajengwa miaka ya 1950, kisha Ndakaini likakamilika 1994, lita bilioni 70, na liko Gatanga, huko huko Murang'a. Yaani mvua ya kwa shosho inasafirishwa hadi Eastlands, na ile inayotunyeshea sisi inaenda mtaroni.

Hesabu si ngumu. Milimita 1 ya mvua kwa mita mraba 1 ni lita 1. Paa la mita 10 kwa 10, mvua ya milimita 20, ni lita 2,000. Toa moja ya tano inayopotea, unabaki na mitungi 80. Maji ya dakika za kwanza, yenye vumbi na mavi ya ndege, unayaacha yaende. Yanayofuata ni ya kufua, kupiga deki na choo. Kunywa, mimi hapana. Moshi wa dampo la Dandora unatua kwa paa hizi hizi, na kuchemsha hakutoi kila kitu.

Sasa mbona hatukingi? Wengine watasema ni uvivu. Nakataa. Kila mama wa kikundi cha shosho alimaliza akiwa na paa lake. Mimi niko bedsita floo ya tatu, na paa ni la mwenye ploti. Maji yake yanashuka kwa paipu moja kwa moja hadi barabarani. Nikitoa ndoo dirishani napata lita tano na baridi ya mkono. Vyama tunavyo, tunachanga za matanga na za harusi, lakini nani atachangia paa ambalo anaweza kuambiwa alihame mwisho wa mwezi?

Nilimuuliza keateka. Akaniuliza tangi litakaa wapi, na nikihama litakuwa la nani. Maswali ya haki. Majirani wanane wa floo yetu wamekubali kuchanga, mradi tuandikiane kwamba tangi ni letu. Karatasi iko kwa mwenye ploti. Tunataka jibu kabla ya mvua za Oktoba.