Kutoka Ngome ya Kisabengo hadi Soko la Kingalu: Historia ya Kuhuisha Kitovu cha Mji wa Morogoro, 1871–2024

Mnamo Februari 2021 Rais John Magufuli alizindua soko kuu jipya la Manispaa ya Morogoro, nalo likapewa jina la Chifu Kingalu. Kwa msomaji asiyeijua historia ya mahali hapo, jina hilo ni heshima ya kawaida kwa mtawala wa jadi. Kwa anayeijua, lina uzito mwingine. Kingalu ni cheo cha watawala wa Kinole, upande wa mashariki wa Milima ya Uluguru, ambao sifa yao kubwa ilikuwa mamlaka juu ya mvua. Hawakuwa watawala wa mji. Mji uliasisiwa na Kisabengo, Mzigua aliyekusanya watoro na watu wenye silaha, akajenga ngome chini ya milima na kuwa tishio kwa jirani zake. Hivyo, baada ya karne moja na nusu, moyo wa mji wa Kisabengo ulichukua jina la bwana wa milima.

Hoja ya insha hii ni kwamba kitendawili hicho cha jina kinaeleza historia ya kitovu cha Morogoro kuliko nyaraka nyingi za mipango miji. Kila kizazi cha watawala kimejaribu kukihuisha kitovu hicho kwa kujenga kitu: ukuta, stesheni, kiwanda, kituo cha mabasi, soko la ghorofa. Uhai wenyewe, hata hivyo, umetoka kwingine kwa muda wote huo. Umeshuka kwa miguu kutoka Uluguru, kichwani mwa wanawake na mabegani mwa wanaume, ukiwa ndizi, mboga, matunda na viungo. Ujenzi uliozingatia mteremko huo ulifanikiwa, na uliousahau ulibaki jengo tu.

Mwaka 1871 Henry Morton Stanley, akiwa njiani kumtafuta Livingstone, aliuona mji huo ukiitwa Simbamwene, jina la binti wa Kisabengo aliyerithi utawala. Maelezo yake yanataja ukuta wa mawe, minara kwenye pembe, malango manne yaliyoelekea pande nne za dunia, na wakazi aliowakadiria kuwa kati ya 3,000 na 5,000. Makadirio ya msafiri wa siku chache yapokewe kwa tahadhari, lakini sura ya jumla haina shaka: ulikuwa mji wa kweli, uliojengwa kabla ya Mjerumani yeyote kuchora ramani yake, na uliotawaliwa na mwanamke. Uliishi kwa hongo ya misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda bara, na kwa chakula ambacho misafara hiyo ilihitaji. Hongo ilitozwa na ngome. Chakula kililimwa na watu ambao ngome haikuwatawala kikamilifu.

Mwaka uliofuata, mwezi Aprili 1872, kimbunga kikubwa kiliipiga Zanzibar na pwani, na mvua zake zikajaza mto Ngerengere hadi ukazoa sehemu ya ukuta wa mji. Stanley aliyaona mabaki hayo aliporejea pwani. Tukio hilo lina funzo ambalo wapangaji wa baadaye walilisoma kwa kuchelewa: maji ya milima ndiyo yanayouweka mji mahali ulipo, na maji hayohayo ndiyo yanayoweza kuuondoa. Ukuta uliporomoka, ilhali njia za kuuendea hazikufutika.

Wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu walifungua misheni Morogoro mwaka 1882, wakaendelea hadi Matombo, ndani ya milima, mwaka 1897. Kisha ikaja reli. Ujenzi wa Reli ya Kati ulianza Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Morogoro mwaka 1907, kabla ya kuendelea hadi Kigoma mwaka 1914. Kwa mara ya kwanza kitovu cha mji kilipewa kipimo kipya: umbali kutoka stesheni. Maduka ya wafanyabiashara wa Kihindi, maghala na nyumba za wageni vilijipanga kati ya stesheni na soko, huku Boma na nyumba za maofisa zikipanda kwenye hewa baridi ya miteremko. Mgawanyo wa kikoloni wa uzunguni, uhindini na uswahilini ulijitokeza hapa kama ulivyojitokeza katika miji mingine ya Tanganyika, lakini kwa sura ya pekee. Mlima uko nyuma ya uzunguni moja kwa moja, kiasi kwamba mkulima kutoka kwenye miteremko iliyo juu ya mji alilazimika kupita mbele ya milango ya mabwana ili afike sokoni.

Waingereza walipouteka mji Agosti 1916 walirithi mpangilio huo na kuuendeleza. Mashamba ya mkonge yalizunguka tambarare, na vibarua wake wakawa wateja wapya wa soko. Mboga za Mgeta, zilizoanza kulimwa na wenyeji kutokana na mbegu za kigeni zilizoletwa wakati wa Wajerumani, zilipata njia ya kufika Dar es Salaam. Hapa inafaa kuzingatia jambo ambalo Young na Fosbrooke (1960) walilieleza katika utafiti wao wa ardhi na siasa za Waluguru: ardhi ya milimani ilimilikiwa na koo zinazofuata upande wa mama. Umuhimu wa jambo hili kwa historia ya mji haujapewa nafasi inayostahili. Mwanamke wa Kiluguru aliyeshuka na kikapu hakuwa mchuuzi wa bidhaa za mumewe tu. Mara nyingi aliuza mazao ya ardhi ya ukoo wake mwenyewe.

Mgogoro wa mwaka 1955 uliweka wazi jinsi serikali ilivyoiona milima. Kuanzia mwaka 1950 Mpango wa Matumizi ya Ardhi ya Uluguru uliwalazimisha wakulima kuchimba matuta ya ngazi ili kuzuia mmomonyoko na kulinda vyanzo vya maji ya mto Ruvu. Kazi ilikuwa nzito, udongo wa juu ulifukiwa, na mavuno hayakuongezeka. Julai 1955 umati ulikusanyika Matombo, ghasia zikazuka, mtu mmoja akapoteza maisha, na baada ya hapo mpango ukaachwa. Wanahistoria wengi wanalitaja tukio hilo kama sura ya kuenea kwa TANU, nao hawakosei. Lakini linaweza kusomwa pia kama mgogoro kati ya mji na milima. Serikali iliihesabu milima kuwa chanzo cha maji ya tambarare. Wenyeji waliihesabu kuwa shamba, na kila siku iliyotumika kuchimba matuta ya lazima ilikuwa siku iliyopotea shambani na sokoni.

Baada ya uhuru, kitovu cha mji kilipata uhai ambao haukutokana na mpangaji yeyote. Cuban Marimba ya Salum Abdallah na Morogoro Jazz, iliyomkuza Mbaraka Mwinshehe, ziliufanya mji mdogo wa reli na mkonge uwe mmoja wa miji mikuu ya muziki wa dansi Afrika Mashariki. Salum Abdallah alifariki mwaka 1965, na Mbaraka Januari 1979 nchini Kenya. Kumbi za dansi ziliwapa watu sababu ya kubaki mjini baada ya soko kufungwa. Ni jambo la kustaajabisha kwamba katika majengo yote yaliyowahi kupendekezwa ili kuirudisha hadhi ya kitovu cha Morogoro, ukumbi wa muziki haujawahi kuwa jambo la mbele.

Sheria ya Utwaaji wa Majengo ya mwaka 1971 ilihamishia kwa Msajili wa Majumba nyumba za kupangisha zenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Lengo lilikuwa kukomesha unyonyaji wa kodi. Tokeo moja katika miji ya aina ya Morogoro lilikuwa kwamba majengo ya katikati yalipata mmiliki wa mbali, asiye na sababu ya kila siku ya kupaka rangi ukuta au kuziba paa. Mwaka 1990 majengo hayo yaliwekwa chini ya Shirika la Nyumba la Taifa. Wakati huohuo, fedha za maendeleo zilielekezwa pembezoni mwa mji, kwenye viwanda vya nguo, turubai, ngozi na viatu. Kiwanda cha viatu, kilichojengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia ili kitengeneze jozi milioni 4 kwa mwaka, hakikukaribia kamwe uwezo huo, na kilifungwa mwaka 1990. Ilitarajiwa kwamba mishahara ya viwandani ingelisha maduka ya mjini. Viwanda vilipozimika, soko liliendelea kulishwa na milima.

Dhana ya kuhuisha kitovu cha mji, kama inavyofundishwa leo, imetokana kwa kiasi kikubwa na miji iliyokimbiwa. Katika majimbo ya kusini ya Marekani, miji ya wastani kama Chattanooga na Greenville ilishuhudia maduka yakifuata barabara kuu na vitongoji, na majengo ya katikati yakabaki matupu. Chattanooga ilijenga jumba la samaki kando ya mto, likafunguliwa mwaka 1992; Greenville iliondoa daraja la magari lililofunika maporomoko ya mto Reedy na mwaka 2004 ikafungua daraja la waenda kwa miguu. Mafanikio hayo ni ya kweli. Lakini ugonjwa wa Morogoro si huo. Idadi ya wakazi wake ilikuwa takribani 25,000 mwaka 1967, ikafika 315,866 mwaka 2012 na 471,409 mwaka 2022. Kitovu cha mji unaokua hivyo hakikuhamwa, kilifurika. Dawa iliyobuniwa kuwarudisha watu katikati, ikitumiwa mahali ambapo watu wamejaa, hugeuka kwa urahisi kuwa dawa ya kuwaondoa.

Hatua za miongo ya karibuni zimekwenda njia hiyo. Mabasi ya mikoani yalihamishiwa Msamvu, zinapokutana barabara za Dar es Salaam, Dodoma na Iringa. Uamuzi huo ulikuwa wa busara kwa msongamano, ila ulimtenga abiria wa safari ndefu na soko alilozoea kununua zawadi za njiani. Makao makuu ya Halmashauri ya Wilaya ya Morogoro nayo yamehamia Mvuha. Mwishoni mwa mwaka 2021 wafanyabiashara wadogo waliondolewa kandokando ya barabara za miji yote nchini na kupangiwa maeneo maalumu. Na treni ya reli ya kisasa, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024 kwa mwendo wa chini ya saa mbili, inashusha watu kwenye stesheni mpya iliyo mbali na ile ya mwaka 1907. Kipimo cha kale cha kitovu, yaani umbali kutoka stesheni, kimevunjika.

Katika hali hiyo soko la Kingalu ndilo nguzo kubwa iliyobaki katikati, na swali la nani ana haki ya kuuza ndani yake si la kiutawala tu. Kizimba hukodishwa kwa mwezi, kwa mkataba, kwa jina la mtu anayejulikana na Manispaa. Mkulima wa Kinole au Matombo huja pale ndizi zinapokomaa, hukaa asubuhi moja, kisha hupanda tena mlimani. Ushuru wa siku unamfaa. Kodi ya mwezi haimfai. Matokeo yake ni kwamba huuza jumla kwa mwenye kizimba au dalali alfajiri, kwa bei asiyoipanga yeye. Mwaka 2017 Serikali ilifuta ushuru wa mazao kwa mzigo usiozidi tani moja unaovuka kutoka halmashauri moja kwenda nyingine, na hatua hiyo ilimgusa moja kwa moja mtu wa kikapu na wa pikipiki. Njia ilifunguliwa, lakini mpango wa vizimba haukubuniwa kwa ajili yake.

Mipaka ya kiutawala inazidisha ugumu. Ukiacha makazi ya miteremko ya karibu, Waluguru wanaolilisha soko hawaishi katika Manispaa inayolimiliki. Kinole na Matombo zimo katika Halmashauri ya Wilaya ya Morogoro. Mgeta imo Mvomero. Diwani anayejadili kodi ya vizimba hapigiwi kura na mwanamke anayeteremka na mkungu wa ndizi, na diwani anayepigiwa kura na mwanamke huyo anaketi katika kikao kisicho na mamlaka juu ya soko. Simbamwene alitoza hongo kwa watu wasiokuwa raia wake. Waingereza waliamuru matuta kwa watu ambao hawakuketi katika mabaraza yao. Sasa jina la Kingalu limewekwa juu ya lango la soko, huku kanuni zinazopanga meza zake zikiendelea kuamuliwa bila kiti kwa wale ambao Kingalu aliwaombea mvua.