Nafaka, Mifugo na Zinki: Lishe ya Wajawazito na Wanaonyonyesha katika Handeni na Korogwe

Historia ya chakula katika Uzigua, nchi ambayo kwa mipaka ya leo inaenea hasa katika wilaya ya Handeni na kugusa sehemu za Korogwe kandokando ya mto Pangani, imezoeleka kuandikwa kuwa historia ya njaa, na sababu zipo: ukame wa miaka ya 1830 uliwatia Wazigua wengi mikononi mwa wafanyabiashara wa watumwa, wengine wakafikishwa Somalia, ambako vizazi vyao vingali vinasema Kizigua. Hata hivyo, njaa ya ghala tupu ni jambo moja, na upungufu wa kirutubishi kwa mtu aliyeshiba ni jambo jingine. Na huu wa pili, kwa kuwa haukupewa mwaka wala jina, umeacha alama chache katika kumbukumbu.

Zinki ni madini yanayohitajika kwa kiasi kidogo katika ujenzi wa seli, na ndiyo maana mahitaji yake hupanda pale mwili mmoja unapojenga mwingine. Viwango vilivyotolewa Marekani mwaka 2001 vinampa mjamzito miligramu 11 kwa siku na anayenyonyesha miligramu 12, ilhali mwanamke mwingine hutosheka na 8. Mwili hauna akiba kubwa ya kuchota wakati wa dhiki, na zinki ya maziwa ya mama, ambayo huwa nyingi zaidi katika majuma ya mwanzo, haitegemei sana alichokula mama, kwa hiyo mtoto hutangulizwa na mzigo wa kufidia humwangukia mzazi. Nyama na samaki hutoa zinki inayofyonzwa kwa urahisi. Mahindi, mtama na maharage nayo yanayo, lakini huja pamoja na fitati, yaani kampaundi ambayo mbegu huhifadhia fosforasi, na ambayo huishika zinki utumboni isipite kuingia katika damu.

Kwa kipimo hicho, pigo kubwa la mwisho wa karne ya 19 halikuwa la mashambani peke yake. Sotoka iliyopita Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1890 iliua ng'ombe kwa wingi, nzige wakafuata, na njaa ya miaka ya 1894 hadi 1896 ikawakuta watu wasio na mifugo ya kubadilisha kwa nafaka. Kisha vichaka vilivyoota katika malisho yaliyoachwa vikawapa mbung'o makazi, na ugonjwa wa nagana wanaoueneza ukafanya ufugaji kuwa mgumu kurejea. Mara nyingi hulaumiwa mahindi kwa kuusukuma mtama kando, lakini mtama pia una fitati nyingi, na hasara iliyo nzito zaidi kwa mjamzito ilikuwa kukosa kitoweo cha mnyama.

Reli ya Tanga ilipofika Korogwe mwaka 1902, mashamba ya mkonge yalizidi kuenea bondeni, yakaleta manamba, yaani vibarua wa mkataba kutoka mbali, na posho yao ya unga wa mahindi. Baadaye sembe, unga wa mahindi yaliyokobolewa, ukapata heshima kuliko dona, ingawa kukoboa huondoa kiini na pumba, na humo ndimo zilimo fitati na sehemu kubwa ya zinki yenyewe. Mapishi ya zamani yalikuwa na busara ambayo hayakudai: kuloweka nafaka, kama ifanywavyo kwa mahindi ya makande, na kuchachusha uji hupunguza fitati. Desturi ya wajawazito kula udongo, ule unaouzwa sokoni kwa jina la pemba, huelekea upande wa pili, kwa kuwa udongo wa aina hiyo unaweza kuzuia madini yasifyonzwe.

Sayansi ilichelewa kuliona jambo hili. Daktari Ananda Prasad alianza kulishuku mwaka 1961 kwa vijana waliodumaa huko Iran, ambao nao walikula mkate wa ngano na udongo. Huko Handeni, majaribio yaliyofanywa kwa watoto 612 na kuchapishwa mwaka 2011 yalikuta zaidi ya nusu yao wana upungufu wa zinki. Nyongeza ya zinki haikupunguza malaria, ila ilipunguza kuhara kwa takriban robo. Akina mama walipimwa kwingine: jijini Dar es Salaam, matokeo ya mwaka 2017 kutoka kwa wajawazito 2,500 yalionyesha kwamba waliopewa miligramu 25 kila siku walipungukiwa na malaria ya kondo la nyuma kwa asilimia 36. Pamoja na hayo, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 uliiacha zinki kwa wajawazito katika uwanja wa utafiti, na vidonge vya kliniki vikabaki vya madini ya chuma na foliki asidi.

Kanuni za Tanzania za mwaka 2011 ziliagiza unga wa viwandani utiwe virutubishi, zinki ikiwamo. Agizo hilo huwafikia wanunuzi wa unga wa mifuko mjini Korogwe kwa wepesi kuliko wanawake wa vijiji vya Handeni, ambao husaga mahindi ya shamba lao katika mashine ndogo ya kijijini, ambako hakuna anayeongeza chochote katika unga.