Kumushitaki "mugeni" mwenye kadi: historia ya karatasi katika Kivu

Wandugu, kila mara uandikishaji wa wapiga kura unapokaribia, swali linarudi kwenye vikundi vyetu: fulani wa kartie yetu ana kadi, lakini si Mukongomani, tumushitaki wapi? Kwa chefu wa kartie, kwa DGM, kwa ANR? Bon, swali hili lina umri kuliko sisi wote.

Wabelgiji ndio walianza. Mwaka 1937 waliunda kazi ya kuhamisha Wanyarwanda kuja Masisi, hasa Gishari. Rwanda ardhi ilikuwa ndogo, na mashamba ya wazungu Kivu yalitafuta wafanyakazi. Hadi katikati ya miaka ya 1950 makumi ya maelfu walikuja. Lakini Bwisha, huko Rutshuru, ni kisa kingine kabisa: watu walikuwa pale tayari wakati wazungu walipokata mipaka mwaka 1910. Pale mpaka ndio ulitembea. Anayechanganya visa hivi viwili hawezi kuelewa yaliyofuata.

Tarehe 5 Januari 1972 Mobutu alitoa sheria ya uraia kwa watu wa Ruanda-Urundi waliokaa Kivu kabla ya 1960. Mkuu wa ofisi yake alikuwa Barthélemy Bisengimana, mwenye asili ya Rwanda, na watu waliisema sana hiyo. Tarehe 29 Juni 1981 sheria nyingine ikaifuta: sasa ulipashwa kuwa na babu wa kabila lililokuwa ndani ya mipaka ya 1 Agosti 1885. Eti uonyeshe karatasi gani ya 1885? Hata sisi Wanande hatuna. Mwaka 1991 leta ikaanza kutambua raia ni nani, biro za utambulisho zikashambuliwa huko Masisi. Machi 1993 watu wakauawa kwenye soko la Ntoto, Walikale, vita vikaenea, maelfu wakafa.

Leo tunafuata sheria ya 12 Novemba 2004. Inaangalia makabila yaliyokuwa hapa wakati wa uhuru, 1960. Tena uraia wetu ni mmoja tu: Mukongomani anayechukua uraia mwingine anaupoteza wa hapa, awe Muhutu, awe Munande mwenye duka.

Na kadi yenyewe? Sensa ya mwisho ni ya 1984. Kitambulisho cha taifa tumekikosa miaka mingi, kwa hiyo tangu 2005 kadi ya uchaguzi ndiyo inafanya kazi hiyo. Sheria ya Desemba 2004 inaruhusu mtu asiye na karatasi kuleta mashahidi walioandikishwa kituo kilekile, wakaaji wa miaka mitano pale. Kwa hiyo, kama kadi ilipatikana kwa njia hiyo na ni ya uongo, kuna watu waliosema uongo. Hao si wageni. Ni majirani zetu, na sijaona mtu akiwataja katika vikundi.

Mwaka 2015 na 2016 familia za Wahutu kutoka Masisi na Rutshuru zilipitia Butembo na Beni zikienda Boga. Beni ilikuwa inazika watu tangu Oktoba 2014, na Januari 2016 watu walichinjwa Miriki, Lubero. Woga ulikuwa na sababu, sitaudharau. Lakini mabasi yalisimamishwa na watu wakapimwa kwa uso na lugha, wakati wengine walikuwa raia kwa sheria ileile inayotulinda sisi. Kama lugha ni ushahidi, vuka Kasindi uingie Mpondwe: Wakonjo wa Kasese wanasema karibu Kinande chetu. Siku Uganda ikitupima hivyo, tutasema nini?

Haki ya kushitaki ipo. Mambo ya wageni ni kazi ya DGM, iliyoundwa mwaka 2003. Karatasi bandia ni kosa la jinai, na hilo linaenda parke. Lakini parke haiwezi kufungua dosie juu ya pua ya mtu. Ukiandika barua, weka namba ya kadi, kituo alikoandikishwa na mwaka, majina ya wale mashahidi kama unayajua, na unachokijua wewe mwenyewe, si ulichosikia kwenye moto. Halafu sahihi yako chini.